Elfu mbili kwa kila neno la nyumbani

Tulipoipita Kikatiti, njiani kutoka Moshi kwenda Arusha, nilianza kuhesabu nguzo za umeme.

Nilifika thelathini na kitu, mwenzangu akakohoa. Nikageuka haraka nikidhani anataka kusema jambo. Alikuwa anakohoa tu. Akarudisha macho barabarani, nami nikarudi kwenye nguzo zangu na kukuta hesabu imeshanipotea.

Redio ya gari la shemeji ni mbovu. Nje kulikuwa na ule ukungu wa Agosti unaokaa chini kama moshi wa kuni mbichi. Mlima Meru hauonekani, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tulishaiacha nyuma ikiwa imejifunika. Ndani ya gari tulikuwa watu wawili wenye miaka ishirini ya ndoa, kopo la Blue Band lililooshwa likang'aa, na kimya.

Leo ni wiki ya saba. Kimya kile bado kinanifuata dukani, jikoni, mpaka kitandani. Nimeona nikae nikiandike, labda kitaniachia.

## Sheria ilivyotungwa

Tulifunga ndoa Jumamosi, 28 Agosti 2004. Waliokuwepo wanaikumbuka ile ndafu iliyochelewa, na MC aliyemwita bwana harusi kwa jina la kaka yake mara mbili. Tangu hapo siku hiyo tumekuwa tukiiadhimisha kwa kuku wa kienyeji na kreti ya soda, watoto wakigombania firigisi. Mwaka huu nilikataa. Ishirini ni ishirini. Nilisema tutatoka wawili, na tutalala huko huko.

Mnaosoma hapa siku zote mnaijua nyumba yetu, kwa hiyo mapya ni haya, kwa haraka. Binti amemaliza kidato cha sita. Matokeo yalitoka Julai, ni mazuri, na tangu hapo familia nzima ikawa inaishi ndani ya simu yake, tukisubiri chuo na mkopo. Wa kati yuko bweni, kidato cha pili. Akipiga simu anaanza na shikamoo na kumalizia na viatu. Kitinda mimba bado anapoteza sweta. Na tangu Februari mama mkwe yuko nasi hapa Pasua, Moshi, baada ya kuteleza kihambani, yaani shambani kwake Machame, na kuvunjika nyonga. Analala chumba cha binti, na binti amehamishia godoro sebuleni bila kulalamika, jambo ambalo linanitia wasiwasi kuliko angelalamika.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Ada, magongo ya mama, sweta, gesi, duka langu la steshenari linalochangamka Januari na kusinzia miezi mingine, na bomba la nyuma lililokuwa linavuja. Tukiamka hayo, tukilala hayo.

Sasa, wiki mbili kabla ya safari kulikuwa na semina ya wanandoa kanisani. Mtoa mada, mama mmoja mwenye sauti laini na viatu vya bei, akatuambia mkitoka na mwenzio, nyumba iacheni nyumbani. "Ukimtoa matembezi halafu ukamwongelesha ada, hujamtoa. Umehamisha kikao." Ukumbi mzima ukacheka. Mimi niliandika kwenye daftari nikapigia mstari.

Ndipo nikatunga sheria. Kuanzia tukitoka getini kwetu mpaka turudi getini kwetu, hakuna neno la watoto, mama, ada, shule, duka wala bomba. Anayevunja analipa elfu mbili papo hapo. Nikaosha kopo, nikatoboa mfuniko kwa kisu.

"Na majirani?" mwenzangu aliuliza.

"Majirani ni nyumbani."

"Na kuku?"

"Baba, kuku ni nyumbani."

Akatikisa kichwa, akaenda kupima upepo wa matairi.

## Faini ya kwanza

Kabla hatujafika Boma Ng'ombe tukapigwa tochi. Pale Kwa Sadala mwendo ni hamsini, sisi tulikuwa sitini na mbili. Askari alikuwa na adabu zake zote, akatuonyesha picha na namba ya gari, na kosa lilikuwa letu. Elfu thelathini.

Mwenzangu aliporudi kwenye usukani akashusha pumzi. "Hii ndiyo ilikuwa hela ya gesi."

Nikamsogezea kopo.

Aliniangalia kwa muda. Akalipa. Serikali elfu thelathini, mke elfu mbili, na saa mbili asubuhi haijagonga.

Baada ya hapo akawa mwangalifu, na mimi pia. Hapo ndipo lilipoanza lile jambo. Kila sentensi iliyonijia mdomoni ilikuwa na mtu wa nyumbani ndani yake. Naona mwanamke amepanga maparachichi kwenye beseni, nataka kusema tukirudi tumchukulie mama, yeye anayapenda yaliyolainika. Naona geti jipya limepakwa rangi ya damu ya mzee, nataka kusema ndiyo ile niliyokuwa nakuelezea. Naona wanafunzi wanatembea kundi kundi na Jumamosi haina shule, nataka kuuliza watakuwa wanaenda masomo ya ziada, na wa kwetu je?

Nikameza. Kutoka Boma mpaka Kikatiti nilimeza maneno mpaka nikahisi nimeshiba.

Nilipoyamaliza yote ya kumeza, nikatafuta yaliyobaki ya kusema.

Hayakuwepo.

Niseme ukweli, niliogopa. Niliwahi kusikia wanandoa waliokaa pamoja kwa ajili ya watoto tu, na watoto walipoondoka wakatazamana kama abiria wawili waliobaki stendi baada ya basi la mwisho. Binti yetu ana miezi michache tu aondoke. Nikamtazama mwanaume huyu pembeni, masikio yale yale, saa ile ile aliyopewa na baba yake. Nikajiuliza: kumbe ni sisi?

## Dawati la mbele

Tulipokata kulia pale Usa River kuifuata barabara ya Ngare Nanyuki, jiografia ikatuokoa.

Mwenzangu anafundisha jiografia sekondari, huu mwaka wa kumi na tisa. Meru ilipojitokeza kwenye ukungu, kipande tu cha bega, akaanza. Mita 4,566. Volkano. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukamwaga tope na mawe mpaka huku chini, na katika mabonde yaliyobaki maji yakatuama, ndiyo haya maziwa ya Momella. Yamekaa jirani lakini hayafanani rangi, kwa sababu kila moja lina chemchemi zake za chini ya ardhi, magadi yake na vijimea vyake.

(Najua baadhi yenu mmeshaona pa kuegemeza mfano wa mke na mume hapo. Mimi pia niliuona. Nimeamua kuupita.)

Nilimsikiliza kwa raha dakika kumi za kwanza. Kisha akanyamaza, akageuza kichwa kidogo.

"Kwa hiyo maziwa ya Momella yalitokana na nini?"

"Maporomoko."

"Vizuri."

Alikuwa anafundisha kidato cha nne, na mimi ndiye niliyekaa dawati la mbele. Nikacheka mpaka machozi, yeye hajui kwa nini, na aliponiuliza nikashindwa kumweleza bila kutaja shule. Hata hilo lingekuwa elfu mbili.

Getini tulilipa kwa simu, bei ya wazawa, huku wageni waliokuwa mbele yetu wakilipia kwa dola. Sitajifanya sikufurahi. Hifadhi ya Arusha haina simba, na hiyo ndiyo sababu nilikubali kuingia na gari lenye kioo kimoja kisichopanda. Pale Serengeti Ndogo walikuwepo pundamilia, nyati na ngiri, na twiga mmoja aliyekuwa anavuka barabara kwa mashaka makubwa.

"Anapanga miguu kama mama na magongo yake," mwenzangu akasema.

Hakusubiri nisogeze kopo. Alilipa mwenyewe, anatabasamu, na nadhani kwake ile ilikuwa pesa halali kabisa.

## Ukingoni Ngurdoto

Ngurdoto hairuhusiwi kushuka. Unasimama juu ukingoni, unatazama.

Ni shimo la volkano kama kilomita tatu kwa upana. Miti ya ukingoni ina ndevu za kijani zinazoning'inia, na mbega walikuwa wanaruka humo wakiburuza mikia yao myeupe kama mashuka. Chini kabisa kuna kinamasi na majani mabichi, na vidoti vyeusi ambavyo ukitazama vizuri unaona vinasogea, ni nyati. Wingu linaingia upande huu, linatoka upande ule, kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kupanga.

Mwenzangu alisimama akashika reli ya mbao. Hakufundisha chochote.

"Nimeichora ubaoni mara ngapi," alisema baadaye.

Nimeshaona anavyoichora. Bakuli, na mishale miwili: ukingo, sakafu. Wanafunzi wananakili, mtihani unakuja, bakuli linarudi. Miaka kumi na tisa, na mahali penyewe pako kilomita sabini hivi kutoka darasani kwake, na hakuwahi kufika. Daima kulikuwa na kitu cha kulipia kwanza. Mnajua vitu hivyo.

"Sikuwahi kuchora miti," akasema.

Hakuwa ananiambia mimi hasa. Nilitaka kumjibu: mwakani walete wanafunzi wako, tutachanga, wazazi watachanga, hata hilo gari la shemeji litabeba sita. Jibu lilikuwa tayari ulimini. Lakini shule ni nyumbani, na sheria nilitunga mimi mwenyewe.

Nikalimeza na hilo.

Katika safari nzima hili ndilo linaloniuma. Mtu amesimama mbele ya kitu alichokifundisha nusu ya maisha yake bila kukiona, anasema neno moja la kweli, na mkewe anabana elfu mbili.

Momella kwenyewe tulikaa saa mbili. Flamingo walikuwepo wachache, mstari mwembamba wa waridi upande wa pili wa maji (heroe, wanasema waandishi wa vitabu, lakini sijawahi kusikia mtu wa Moshi akisema heroe). Tulikula chapati na mayai ya kuchemsha tuliyobeba. Nilivunja sheria mara nne hapo, zote kwa sababu ya chapati, kwa kuwa alizipika binti.

## Arusha, kwa ufupi

Tulilala gesti moja maeneo ya Njiro. Baridi ya Arusha mwezi wa nane, wa Moshi hatuiwezi. Tulilala na masweta. Nyama choma ilikuwa nzuri, ndizi zilikuwa ngumu. Saa tatu usiku binti akapiga kuuliza dawa ya presha ya bibi iko droo ya juu au ya chini, na katika dakika mbili tukalimbikiza faini sita kati yetu. Nikaongeza kifungu: simu inayopigwa kutoka nyumbani haina faini. Mwenzangu akasema katiba haibadilishwi usiku.

Asubuhi tulipiga picha Mnara wa Saa. Watu husema hapo ndipo katikati ya Cairo na Cape Town. Mwenzangu alimuuliza kijana wa picha kipimo hicho kimefuata barabara gani, kijana akasema, "Mzee, simama tu hapo, jua linaondoka."

## Duluti

Wakati wa kurudi tukachepuka Tengeru kwenda Ziwa Duluti. Nalo ni shimo la volkano, ila hili lilijaa maji. Dogo, kijani, na njia ya miguu inalizunguka chini ya miti mikubwa. Jumapili mchana, na watu walikuwa wachache.

Tulitembea labda robo ya mzunguko. Akasimama, akainama kufunga kamba ya kiatu, na alipoinuka alikuwa ameshika pochi. Kopo tulikuwa tumeliacha garini. Akatoa noti ya elfu mbili akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake.

"Shika. Ni ya maneno ninayotaka kusema."

Mwezi wa tatu alipewa nafasi ya ukuu wa shule. Ni mkoa wa mbali, kusini, ameniomba nisiutaje. Kuna nyumba ya shule na posho. Na ni kitu ambacho mimi najua alikitaka, kwa sababu mwaka 2011 alipopitwa nilimwona jinsi alivyokaa wiki nzima anafyeka majani ambayo hayakuhitaji kufyekwa. Alitakiwa ajibu ndani ya siku saba. Alijibu siku ya pili. Hapana.

Mama alikuwa wiki ya tano na nyonga yake. Binti alikuwa anajiandaa na mtihani wa Mei.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila jioni palikuwa na kitu."

Nilitaka kuandika hapa kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikasirika. Uamuzi wenyewe nisingeupinga. Pengine ningeufanya hivyo hivyo. Kilichonikasirisha ni kwamba aliukalia peke yake siku mbili, kisha akauficha miezi mitano, huku kila jioni amekaa mezani ananiuliza mafuta ya taa ya dharura yapo. Ile ni nyumba yangu pia. Hata huzuni yake ni ya humo humo, na mimi ndiye naifagia.

Tukamaliza kulizunguka ziwa hatusemeshani. Lakini kimya hicho hakikufanana na cha Kikatiti. Cha Kikatiti kilikuwa kitupu. Hiki kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na nilikuwa naogopa kukitikisa.

Karibu na gari akasema, "Nilidhani nikisema nitakuwa nimemlaumu mama."

Nikamrudishia elfu mbili yake. Akakataa. Akaiingiza kwenye kopo.

## Maswali ya grupu

Tulirudi, tukalipa alichotudai kila mtu, tukamkuta mama amenyolewa nywele vibaya na kitinda mimba, maisha yakaendelea. Na mimi nikaanza kusumbuka.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Safarini niliogopa kwa sababu hatuna mazungumzo mengine zaidi ya nyumba. Sawa. Lakini kumbe hata hayo ya nyumba, ambayo tunayo kila siku asubuhi na jioni, yalikuwa yamefunika jambo kubwa kama lile kwa miezi mitano. Sasa lipi baya zaidi, kukosa la kusema, au kuwa na mengi ya kusema yanayoziba moja?

Kwenye grupu letu la wamama mtu alikuwa ametuma orodha ya maswali ya kuamsha ndoa. Nikalijaribu la kwanza tukiwa tumeshazima taa.

"Baba, ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani?"

Akafikiri kwa makini sana. "Ng'ombe wa maziwa."

"Kwa nini?"

"Analetewa majani."

La pili lilikuwa ni kumbukumbu gani ya uchumba unayoipenda. Akasema ile ya kunisindikiza baada ya mazoezi ya kwaya, kutoka kanisani mpaka kwa shangazi, 2003. Na mimi naipenda hiyo. Nikamuuliza, tulikuwa tunaongea nini njia nzima? Maana tulikuwa tunaongea sana, mpaka tunapita nyumba ya shangazi na kurudi.

Tukanyamaza wote wawili tukikumbuka.

Tulikuwa tunaongea nyumba. Itakuwa na vyumba vingapi, jiko liwe ndani au nje, watoto watatu au wanne, maji tutavutaje. Tulikuwa tunaongea ada za watoto ambao hawajazaliwa. Sikuwahi kuliona hilo. Yale maongezi ninayoyakumbuka kama mapenzi matupu yalikuwa ni haya haya, ila bomba lilikuwa bado halijafungwa, kwa hiyo halivuji.

Lilinipunguzia hofu kidogo. Halikuniondolea. Bado palikuwa na Machi.

## Maji

Mama mkwe haulizwi mambo ya ndoa. Ana miaka sabini na nane, na heshima iliyopo kati yetu ni ya kutandika kitanda na kupeana shikamoo. Lakini wiki mbili zilizopita umeme ulikatika jioni, yeye na mimi tulikuwa tunachambua maharage kwa mwanga wa simu, na giza linalegeza ulimi.

"Mama, wewe na marehemu baba mlikuwa mnaongea nini?"

Hakushangaa. "Maji."

Kwa wasiokulia mlimani: kule Machame kihamba kinanyweshwa kwa mfongo, mtaro wa kuchimbwa unaoteremsha maji ya mto kutoka juu, na maji yana zamu. Leo ukoo huu, kesho ule, alfajiri wewe, mchana jirani. Ukikosa zamu yako, migomba na kahawa vitasubiri mpaka izunguke tena.

"Anarudi jioni," mama akasema, "anauliza maji yamefika? Nasema yamefika mpaka kwenye kahawa. Anauliza kesho nani? Namwambia. Basi."

"Miaka yote?"

"Arobaini na mmoja."

Akatupa jiwe dogo pembeni, akaendelea kuchambua. Nikadhani amemaliza.

"Akiwa na hasira alikuwa anasema maji ni machache," akasema. "Hata yakiwa mengi. Mimi nilikuwa nimetoka huko huko mfongoni, nimeyaona kwa macho yangu. Akisema machache najua leo wamemuudhi."

"Na akifurahi?"

"Anasema yamejaa." Akacheka kidogo, mkono mdomoni. "Siku aliyokufa kaka yake, walimpa habari barabarani. Akaja mpaka mlangoni, hakuingia. Akasema, maji yamekatika. Na mfongo mimi nausikia pale nyuma, unavuma."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia akae."

Umeme ukarudi. Akaniangalia kama mtu aliyekutwa bila kilemba, akaomba chai.

Hajui habari za Machi, na hatazijua. Hasomi vya kwenye simu. Mwenzangu yeye amesoma yote haya kabla sijayaweka, na zaidi ya kuuficha huo mkoa, aliniomba nirekebishe neno moja tu: nilikuwa nimeandika kwamba Ngurdoto ni ziwa.

## Kopo

Tulilifungua Jumapili iliyopita. Noti ishirini na tatu, elfu arobaini na sita. Tisa zake, kumi na nne zangu, mtunga sheria. Tuliongezea kidogo tukanunua gesi, iliyodaiwa tangu Kwa Sadala. Kopo limerudi kwenye kazi yake ya kuwekea vitunguu swaumu. Binti amepata chuo, ni Dodoma, na kuanzia hapo kila sentensi ya nyumba hii ina neno nauli.

Juzi Alhamisi mwenzangu alichelewa kurudi. Nilikuwa jikoni nakaanga dagaa. Akaja mpaka mlangoni akasimama, begi bado liko begani.

"Bomba la nyuma limeanza tena kuvuja," akasema.

Bomba la nyuma lilibadilishwa Julai. Nilikuwa nimetoka kuanua nguo hapo hapo nyuma, si dakika tano zilizopita, na chini palikuwa pakavu kabisa.

Nikazima jiko, nikamvutia kiti.